Shangazi, Nimefaulu na Tunaondoka Wote

Picha ya Ndege, Kibaha
Ijumaa asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba leo najijibia mwenyewe, maana umeamua kunyamaza, jambo ambalo hukuliweza hata siku moja ulipokuwa hai.

Nimefaulu! Naanza na hilo kwa sababu ningeanza na habari za hali ya hewa ungenikata kauli. Nimefaulu ule mtihani wa uuguzi wa Ujerumani, sasa ni muuguzi kamili kule, si msaidizi tena wa kubadilisha mashuka. Kibali changu cha kukaa kimetoka. Cha mume wangu Shabani kimetoka. Cha mwanetu Rehema nacho kimetoka, na kwenye picha amenuna kama wewe kwenye kitambulisho chako cha kura. Jumapili tunapanda ndege, watu watatu.

Najua habari hii si mpya kwako. Nitakueleza nimejuaje.

Kwanza nikwambie ukweli ambao kwenye simu nilikuwa nauficha. Mwaka wa kwanza kule ulinikomesha. Nilikuwa nakwambia "huku safi tu, Shangazi," kumbe nimekaa jikoni naangalia ugali wa njano, maana unga wao wa mahindi ni wa njano, nao hauivi ukaeleweka. Kisamvu sikupata. Nilipika spinachi na karanga nikajidanganya. Halafu salamu! Nilikuwa namsalimia kila mtu kwenye ngazi za jengo letu, mpaka mzee mmoja akasimama akaniuliza kwa upole kama nimepotea, anisaidie. Nikamwambia sijapotea, nakusalimia tu. Akafikiri kidogo. Kesho yake akanisalimia yeye kwanza, na tangu hapo hajaacha.

Kazi yenyewe haikunishinda. Wazee ni wazee tu, na wewe ulishanifundisha kuwaogesha nilipokuwa na miaka kumi na mbili, bibi alipolala kitandani pale Kisarawe. "Maji ya vuguvugu, na usimwangalie usoni unapomvua nguo." Nilikwenda na hayo Ujerumani, na msimamizi wangu akaniuliza nimesomea chuo gani.

Kilichoniangusha ni hodi.

Unakumbuka ulivyonilea. Hodi tatu, usipojibiwa geuka, "nyumba ya mtu si choo cha stendi." Basi siku ya mtihani wa kwanza nimesimama mlangoni kwa mgonjwa wangu, Bibi Hanna, watahini watatu wako nyuma yangu na karatasi zao. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya. Nikageuka kwa adabu zangu zote, nikawaambia mgonjwa hataki wageni, tuanze na mwingine. Wale watu walinitazama! Mmoja akanipita, akafungua mlango. Bibi Hanna yuko kwenye kiti, kavua kifaa chake cha kusikilizia, anachungulia ndege dirishani, wala hana habari. "Angekuwa ameanguka je?" mtahini akaniuliza. Wakaandika nimefeli.

Kule nafasi ni mbili tu. Ukifeli ya pili unafunga mizigo unarudi kwenu, na mpango wetu wa kuhama wote ungefia hapo. Rehema alikuwa ameanza kunizoea kama mtu wa kwenye simu. Siku moja alimwambia baba yake, "Mama amekatika." Ndivyo hali ilivyokuwa, Shangazi. Nilikuwa nahangaikia mtoto wangu.

Nilipokupigia kukwambia nimefeli, ulicheka. Mungu wangu, ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu ukanigeuzia kibao. "Mimi nilikufundisha hodi ya nyumba ya watu, sikukufundisha hodi ya mgonjwa. Mgonjwa hakaribishi. Mgonjwa unaingia! We Tatu, akili yako uliiacha uwanja wa ndege?" Nilikata simu nikiwa na nguvu mpya kabisa. Ila kile kikohozi nilikisikia. Mimi, muuguzi, nilikisikia nikakiacha kipite. Hilo nisamehe.

Siku nne kabla ya mtihani wa pili ukafariki. Mimi sikujua. Ulikuwa umeshamwita Shabani ukamwagiza, "Akimaliza mtihani ndiyo aambiwe. Atakayemwambia kabla, asije kwenye arobaini yangu." Na ukoo mzima ukakutii! Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mbuzi wa harusi, safari hii wote kimya. Nikimuuliza Shabani mbona Shangazi hapatikani, ananiambia simu yako haishiki chaji. Nikaamini, maana simu yako ile kweli ilikuwa kimeo.

Mtihani nikaenda. Mgonjwa hakujibu, nikafungua mlango nikaingia. Nikamkuta yuko chini, Shangazi! Alikuwa ameteleza pembeni ya kitanda, wala halikuwa jambo la kupangwa. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa, nikamuuliza anaumwa wapi, nikaita msaada, nikampima mapigo ya moyo, nikamfunika asipate baridi. Watahini niliwasahau kabisa. Nilipokumbuka kugeuka, yule aliyenifelisha mara ya kwanza alikuwa ameweka kalamu chini.

Jioni yake, nimeshapewa matokeo, nikamtumia Shabani ujumbe wa sauti: mpelekee Shangazi, mwambie nimeingia, mwambie nimefaulu! Nikapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Shabani akajibu, "Nampelekea leo leo."

Kesho yake ndipo akanipigia akaniambia ukweli. Nilimfokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Wiki nzima sikupokea simu yake. Sikukuosha, Shangazi. Sikukuona sura yako mara ya mwisho, sikutia hata konzi moja ya mchanga. Inaniuma hadi leo, na nikisema haiumi nitakuwa mwongo.

Jana nilikuja Kisarawe kukuaga. Jirani yako Mama Zuhura alinikuta pale kaburini, akaniambia jambo ambalo Shabani hakuwahi kulitaja. Siku ile ya matokeo mume wangu alikuja na bodaboda kutoka Kibaha, akakaa mchangani, akaweka simu juu ya kaburi lako, akafungulia sauti yangu yote mpaka mwisho. "Vigelegele makaburini, mwanangu! Nikajua kachanganyikiwa, nikaanza kutafuta watu," akasema Mama Zuhura. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Kwa hiyo ulisikia kabla ya mtu yeyote Tanzania nzima. Nikarudi nyumbani nikampikia yule mwanamume wali wa nazi na samaki, na bado hajui kisa ni nini. Majirani wanamtania eti ameolewa anapelekwa kwa mke. Anawajibu, "Ndiyo, na nimepatiwa mke haswa."

Shangazi, pale kaburini nilijiuliza ningefanya nini kama ningejua. Jibu ninalo. Ningepanda ndege siku ile ile. Ningeacha mtihani, ningekuja kukuzika, na leo Rehema angekuwa bado ananingoja kwenye simu. Ulinijua kuliko ninavyojijua. Nimekukasirikia sana, na asante.

Nakuaga mchana kweupe, kwa sauti, mizigo iko sebuleni na mwanangu ameikalia. Kila nitakaporudi nitaanzia kwako. Kutoka uwanja wa ndege hadi Kisarawe ni kupita Pugu tu, Kibaha wasubiri. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Na ahadi nyingine hii, shika. Ikitokea siku Rehema yuko mbali, ana jambo lake kubwa mbele, na mimi ndiye niko kitandani, nitamwita baba yake nimwambie: asiambiwe mpaka amalize.

Mwanao,
Tatu