Cheza na Mjukuu Wangu kwa Kiswahili

Zulaikha, binti yangu uliye huko Wales,

Huku Kamembe tuko wazima, ila vita ya Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, haijatulia. Juzi kwenye simu nilimsalimu mtoto wako Sefu, akanijibu kwa wimbo wa Kiwelshi. Bamama waliokuwa wakingoja zamu yao ya simu wakauliza, "Mama Zulaikha, mjukuu anasema nini?" Nikadanganya: "Ananiombea dua." Haya imenishika mpaka leo.

Unasema bazungu wa huko wanacheza na batoto ili lugha yao isife. Wewe je, miguu imevunjika? Cheza naye kwa Kiswahili! Ijumaa ukipiga, nitajificha humo kwenye simu, ninyamaze kabisa, mpaka aniulize mwenyewe: "Bibi, uko wapi?"

Mimi mama yako,
Mwamini