Kompyuta Ilikusikia, Kaka

Kakese, Mpanda
14 Novemba 2006

Kwako Kaka Arcade,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya salamu nyingine nina neno ambalo sijawahi kumwambia mtu: tangu utoto naiogopa sauti yako. Ndiyo maana siku ile uliponicheka parokiani sikujitetea. Natumaini huko Sumbawanga u mzima. Sisi hatujambo, mvua imeanza na mama anapanda mahindi. Hujauliza, lakini nakueleza.

Unakumbuka kwaya iliporekodiwa parokiani. Sista Verdiana alinikabidhi kompyuta yake ya kukunja kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kitabu cha maelekezo. Nilichomeka maikrofoni kwa ule waya mrefu wa USB, nikabonyeza pa kurekodi, nikaenda kuishika mbele ya mama, aliyeongoza wimbo wake. Wewe na rafiki yako Yotham mkabaki mezani, mmeinamia kompyuta kama mafundi.

Sista alipotufungulia mwanzo tu wa rekodi, kwaya ilisikika mbali, kama inaimba ndani ya mtungi. Ulinigeukia mbele ya watu wote. Ukasema profesa wetu kakariri vitabu mpaka kasahau kazi ya mikono, ukawauliza waimbaji kama maikrofoni niliichomeka ukutani. Hata mama alicheka kidogo, kwa aibu. Ukaniamuru nifute kila kitu ili turekodi upya, na kesho yake asubuhi ukapanda lori kwenda huko Sumbawanga kutafuta mtu wa kuzalisha kaseti.

Sikufuta. Nilirudia kitabu nikaona kosa. Kuchomeka waya hakutoshi, lazima kompyuta ielekezwe isikilize USB. Mimi sikuielekeza, nayo ikasikiliza kwa kimaikrofoni chake chenyewe, kilicho pembeni mwa kioo. Kosa hilo ni langu. Lakini kaka, aliyesimama karibu na kile kimaikrofoni ni wewe.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Mama anaimba kwa mbali jinsi bibi alivyobaki njiani walipokimbia Burundi, na juu ya sauti yake ni wewe, unamwambia Yotham kwamba kwenye kaseti aandike mtunzi ni Arcade, mama mwenyewe hajui kusoma, atajuaje. Kisha mnacheka. Mlicheka pale pale anapotaja jina la bibi.

Usiseme nimekusingizia. Ni sauti yako, ile ile ninayoiogopa.

Nilimwita mama nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza mara mbili. Hakulia. Aliuliza kama mashine inaweza kusikiliza tena. Jumapili tukarudia. Safari hii nilichagua USB, nikajaribu kwanza, ndipo nikashika maikrofoni. Kabla ya kuimba mama alitaja jina lake, Donatille, na la bibi, akasema wimbo ameutunga yeye. Kaseti atazalisha Sista. Wewe usihangaike tena.

Wasalimie wote hapo unapokaa. Nilimwuliza mama kama ana salamu zako. Akasema zimo kwenye kaseti.

Mdogo wako,
Emelyne