Vunjajungu wa Bibi Yako

Minza, mjukuu wangu, nakusalimu kwa lugha yetu: mwangaluka. Kuna jambo nimemficha bibi yako tangu ujana wetu, na kwa kuwa kifua changu hakinipi tena muda mrefu, nakuambia wewe. Bibi mwenyewe hajambo, yuko uani anaanika dengu.

Umeniandikia kwamba vunjajungu uliyemfuga huko Morogoro amekufa baada ya miezi michache, na unajilaumu kwa sababu wa bibi yako aliishi miaka. Usilie, mama.

Tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza, bibi yako alijifungia ndani. Siku moja vunjajungu akatua kwenye pazia. Bibi akamkamatia nzi, naye akampokea kwa mikono yake iliyokunjwa kama ya mtu anayesali, kisha akageuza kichwa kumtazama. Bibi akacheka. Tangu hapo akawa anaamka ili amlishe.

Baada ya mavuno kila mtu aling'oa miti ya pamba na kuichoma, kama sheria inavyotaka. Mimi niliacha kipande kimoja cha shamba, kwa kuwa vunjajungu hutaga mayai kwenye vijiti vile. Jirani akanitania, "Mwalimu, chaki imekulegeza mikono?" Nikacheka naye.

Hukukosea kitu, Minza. Vunjajungu hamalizi mwaka, hata akitunzwa vizuri. Yule wa kwanza nilimkuta amekufa chini ya pazia kabla bibi yako hajaamka. Nikaenda shambani kumtafutia mwingine, na kila alipokufa mmoja, nilifanya hivyo tena.