Barabara Iliyochorwa Bandani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Lori la tatu tangu wiki iliyopita. Dereva kapiga honi getini, anataka nimfungulie apitishe matofali. Apite wapi? Nyuma ya banda langu ni ukuta. Akanionyesha simu – mstari mweupe unatoka mtaani, unapita juu ya cherehani yangu, unaishia kiwanja cha nyuma. Ramani ndiyo imesema, mama, akanijibu, kama vile mimi ndiye niliyepotea.

Nimewaripotia wenye ramani: barabara haipo, hapa ni kwangu, nashona.

Jumatano, 5 Machi
Wameifuta! Nimeangalia mara nne. Mume wangu nilipomwambia alisema vizuri, akaendelea kula.

Lakini nani aliichora? Barabara haioti kama uyoga. Kiwanja cha nyuma anajenga shemeji, mdogo wake mume wangu, na hana pa kuingizia gari. Tangu mwezi jana ananisalimia kwa adabu. Yule! Kuna jambo.

Ijumaa, 7 Machi
Imerudi. Ile ile. Jibu lao mstari mmoja: imethibitishwa na mkazi wa anwani hii.

Mkazi! Shemeji haishi hapa. Tuko watatu – mimi, mume wangu, mama mkwe. Na mama mkwe simu yake ya vitufe, hata kupokea hupokelewa. Nimehesabu tena. Watatu tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo ndiyo kazi yangu! Sijamwambia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Mume wangu kaamka na huruma. Eti bandani kuna joto, nihamishie cherehani sebuleni. Miaka kumi na moja hakuliona hilo joto. Nikamuuliza taratibu, huku natunga uzi, kama ana habari za ile barabara. Hakuinua uso. Akasema nisijali, ni mita nne tu, jikoni haitafika.

Upana sikuutaja mimi.

Imeniuma. Angeniambia tu, tungegombana yakaisha.

Sasa wako uani, yeye na mdogo wake. Shemeji kaja mlangoni kwa upole, anaomba niwaazime tepu yangu ya kupimia. Nimemwambia imepotea. Imening'inia shingoni mwangu, naye anaiona. Hajaondoka. Naandika humu, nadhani anafikiri ni vipimo vya mteja.