Tishu Isiyo na Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa upasuaji anataka kukata vidole viwili vya mguu wa mke wangu. Kidonda cha kisukari, mwezi wa nne sasa. Nimemwomba siku kumi. Nikamfungulia modeli yangu ya kompyuta: seli za ngozi haziendi mojamoja, husukumana na kuvutana kama watu waliobanana mlangoni, na kidonda hufungwa na nguvu ya kundi zima. Niliingiza vipimo vya kidonda chenyewe. Kwenye skrini kilifunga siku ya tisa! Akakuna kidevu. Haya Profesa, siku kumi, lakini homa ikipanda hatungoji.
Mke wangu alicheka. Eti miaka thelathini na tano anaishi na wake wenza wasioonekana kwa macho, leo ndio wamepewa kazi ya nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepima kwa rula. Hata milimita moja haijapungua. Pembeni peusi kidogo — au ni taa ya wodi? Nimemwambia mke wangu modeli huweza kukosea siku mbili tatu. Akauliza kama hizo seli zinajua umri wake. Nilimweleza kwa kirefu. Alisinzia katikati.

Jumatatu, 10 Machi
Mwanafunzi wangu wa uzamivu, mama wa watoto watatu, hana muda wa kuzunguka mbuyu. Amefunga mlango wa ofisi. Samahani mwalimu, pande umeziacha zimeungana.
Nijieleze taratibu. Tunapojaribu modeli, ili tusihangaike na mwisho wa tishu, tunaunganisha pande zake: seli ikitokea kulia inaingilia kushoto. Ni mbinu ya majaribio tu, baadaye unaiondoa. Sikuiondoa! Kidonda changu kililetewa seli hai kila upande, bila kuishiwa. Mguu wa mke wangu una mwisho. Kule vidoleni damu haifiki, na seli za pale zimechoka au zimekufa.
Nimeiondoa, nimeendesha upya. Hakifungi. Siku ya sita kinaanza kupanuka. Leo ni ya saba.
Nimempigia daktari. Hapatikani, yuko chumba cha upasuaji.

Jumanne, 11 Machi
Homa, thelathini na tisa. Daktari amenivuta pembeni koridoni. Si vidole tena, mzee wangu. Chini ya goti, na iwe leo. Nilimwambia kosa langu lote, mpaka mstari wa programu. Akanishika bega, hakunilaumu. Bora angenilaumu.
Fomu ya kukubali upasuaji haijatiwa sahihi. Mke wangu amekataa katakata: Profesa alisema kinafunga, aje aniambie mwenyewe.
Nimefika mlangoni mara mbili. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, daftari magotini. Mlango uko wazi nusu. Nesi anataka kutoka aniite, na mke wangu namsikia, sauti imemkauka — mwache kwanza baba watoto, akiandika hivyo ujue amepata jib—