Mtamba wa Kapteni Nyambura

Kimumu, Eldoret
Ijumaa asubuhi

Kwako Dada Wangari,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi kuliko mahindi yote ya huku, yaliyovunwa na yale yaliyoachwa shambani. Kifua cha Mama kinaendeleaje na vumbi hili la Januari? Baba bado analala redio ikiwa sikioni? Nauliza nikijua sitasikia jibu leo, maana kadi za simu zimepotea madukani, na maduka yenyewe yamefungwa. Sisi tu wazima, mimi na mume wangu. Niache niandike tena kwa sababu mkono wangu haujachoka na neno hilo: mume wangu.

Mama aliyekukabidhi barua hii anaitwa Mama Njoki. Alikuwa na kibanda cha mboga hapa Kimumu na sasa hana. Najua ulisimama hapo ukitazama kila anayeshuka kwenye lori, ukimngoja mtu mwingine. Usimkasirikie. Kiti alichokalia kilikuwa changu na ni mimi niliyempa. Mpe chai kwanza, halafu soma hadi mwisho kabla hujamwambia Mama lolote.

Dada, tangu matokeo ya kura yatangazwe sijavuka mlango huu. Wiki ya nne sasa. Ile nyumba uliyoiona siku ya harusi ukasema ni ndogo lakini ina jua, sasa haina jua, maana pazia hatulifungui. Naijua kila pembe yake. Najua ni ubao upi wa dari una alama ya maji inayofanana na kuku. Nikipiga chafya nafunika uso kwa mto. Kiprono ndiye anayetoka, kwa sababu jina lake linapita kwenye vizuizi vya mawe barabarani, ambako vijana huuliza kabila, na langu halipiti. Kila akitoka mimi hukaa chini nyuma ya mlango na kuhesabu pumzi mpaka nisikie anavyokohoa mara mbili, ambayo ndiyo alama yetu.

Na bado, dada, niamini, nina furaha. Najua ni aibu kuandika hivyo watu wakiwa wamelala makanisani. Lakini mwanamume huyu hunisuka nywele. Amejifunza kwa kunitazama kwenye kioo, mistari inapinda kama njia ya ng'ombe, na mimi sizifumui. Akinipa chai hugeuza kikombe ili upande uliovunjika uwe kwake.

Nikuambie tunavyopitisha siku. Unakumbuka kile chumba chake cha gemu mjini, ulichouliza kama ni kazi ya mtu mwenye mke? Vurugu zilipoanza aliokoa TV moja na mashine moja, akavileta ndani ya gunia la makaa. Kati ya gemu zote alibaki na moja tu, ya hadithi ya safari ya angani. Ni ndefu mno. Anasema mtu huchukua saa sitini kuimaliza, na wateja wake hawakuwa na saa sitini, ndiyo maana ilikuwa imejaa vumbi.

Mwanzoni unaunda kapteni wako mwenyewe. Unamchagulia pua, rangi, nywele. Kiprono alikaa jioni nzima akimtengeneza mwanamke mwenye shavu langu na pengo langu la meno, akampa jina langu. Kapteni Nyambura. Dunia yake imeungua, naye anaongoza chombo chenye mbegu za mwisho, akitafuta udongo wa kuzipanda. Kila nyota anayofika ina wenyewe, na wenyewe wanamwambia udongo huu ni wetu. Wanaomsaidia kuendesha chombo wametoka katika makabila matano ya nyota, na makabila hayo yamepigana miaka mingi. Wengine wana mikono minne, wengine ngozi kama jiwe.

Kiprono miaka yote alikuwa akiruka maneno ili afikie vita. Ni mimi niliyemzuia. Kile Kiingereza nilichopata Kidato cha Nne, ambacho Baba alisema hakitaniivishia sufuria, ndicho kinachotulisha sasa. Mimi nasoma kwenye TV, nageuza kwa Kiswahili, yeye anabonyeza. Watu wa chombo huzungumza, na kila wanapokuuliza jambo unapewa majibu matatu uchague. Na hadithi inakumbuka, dada. Siku ya pili tulimpa maji mwanamke mzee wa upande wa adui, mtu wa kupita tu, tukamsahau. Wiki mbili baadaye tumezingirwa, na ni yeye aliyetufungulia lango. Nililia. Kiprono akasema hajawahi kuona mtu akililia gemu ambayo ameshinda.

Mhandisi wa chombo, kijana mwenye macho ya kijani, alimwambia Kapteni kwamba angemfuata mpaka nyota ya mwisho. Kiprono akachagua jibu la tatu: Rudi kazini.

"Mbona unamvunja mtoto wa watu moyo?" nikamuuliza.

"Kapteni ameolewa," akasema bila kunitazama. "Bwana yake anakaa Kimumu."

Wiki ya pili mlango ulibishwa, na hakukuwa na kikohozi. Alikuwa mama mkwe wangu, ametoka kijijini kwao, Ziwa, nusu ya njia kwa trekta na nusu kwa miguu, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, mgongoni. Unajua jinsi mambo yalivyokuwa kati yetu. Siku ya harusi alinisalimu kwa vidole vitatu. Sherehe ya kunipokea nyumbani kwao Ziwa ilikuwa imepangwa baada ya Mwaka Mpya, na sasa hakuna anayeitaja. Basi aliingia, akanitazama kichwani, akauliza, "Nani alikusuka hivi?" Nikasema mwanao. Akavuta kigoda, akakiweka karibu na mlango, akakaa. "Mimi nakaa hapa," akasema. "Wakikuja, watapita kwa mimi."

Siku tatu hakusema zaidi ya hayo. Alikuwa akisikiliza nikisoma, mgongo umetugeukia. Siku ya nne akauliza, "Huyo Kapteni amekula?" Tukamwambia kwenye gemu hawali. Akamkemea Kiprono kwa kumpeleka mke wake vitani na njaa. Kesho yake kigoda kilikuwa kimegeuka. Kabla hatujawasha, alikiombea chombo safari njema. Alipomwona yule wa mikono minne akasema, "Hii ingenikamulia ng'ombe zote asubuhi moja." Niliposoma pale wenyeji wanapomwambia Kapteni arudi alikotoka, na Kapteni anajibu kwamba huko kumeungua, aliinuka akakichukua kibuyu. Halafu akanimiminia mursik, na kikombe akakishika kwa mikono miwili.

Ndipo Jumapili ukapiga simu. Uliniambia lori litaondoka kanisani Jumamosi likiwa na polisi mbele, na dereva ameniwekea kiti kimoja. Simu ikakatika kabla sijakujibu. Kiprono alikuwa amesikia yote.

"Utaenda," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi huko kwenu nitapita wapi na hili jina?"

Nilimwambia siendi. Akasema hataki kuzika mke wa mwezi mmoja. Tukaacha kusemezana, mara ya kwanza tangu tuoane, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Mama mkwe alituangalia, akaurudisha uso mlangoni, nikaona kama naye anangoja niende.

Jumatano mchana tulicheza tu ili tusizungumze. Kiprono alikuwa na hasira, akamwingiza Kapteni mahali pabaya, maadui wakamjia kwa nyuma. Mama mkwe akasahau tuko wapi. Akaruka kutoka kwenye kigoda akapaza sauti: "Nyambura! Toka hapo! Nyambura, wanakuja!"

Nje kulikuwa na vijana wanapita, wakasimama.

Walikuwa saba. Niliwahesabu kupitia tundu la pazia. Walikuwa na fimbo, na mmoja mwenye koti refu la mvua alikuwa na panga. Kiprono aliinuka, lakini mama yake akamsukuma akaketi, kisha akafungua mlango yeye mwenyewe.

"Kogo," mwenye koti akasema, kwa heshima, kama anavyomwita bibi yake, "tumesikia jina hapa."

"Mmesikia vizuri. Ni ya mtu wa kwa TV."

Akawaonyesha. Kapteni alikuwa amesimama pale kwenye kioo, jina limeandikwa chini yake. Mmoja akacheka. Lakini mwenye koti alikuwa ameniona.

"Na huyu?"

"Huyu pia ni Nyambura," Mama akasema. "Kijana yangu amempenda mpaka amempeleka kwa nyota. Lakini nyumbani bado hajapelekwa. Na nyinyi mmekuja saa nzuri, maana nilikuwa nimekosa mashahidi."

Akanishika mkono, akanitoa nje. Jua lilinipiga machoni kama kofi, dada, nilikuwa nimelisahau. Akanisimamisha mbele ya kizingiti na kuninong'oneza, "Usiingie." Kisha akarudi ndani, akasimama mlangoni kunielekea, akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu wengi, "Karibu, bibi arusi."

Huku kwao bibi arusi haingii hivi hivi. Husimama nje kama jiwe, na wakwe wanamtajia mifugo mpaka akubali. Akishaingia amekuwa mtu wa boma hilo, na anayemgusa ameligusa boma. Hilo nililijua kwa kuambiwa tu. Siku ile sikukataa kuingia kwa ajili ya mila. Miguu ndiyo iliyokataa.

"Nampa mbuzi," Mama akasema.

Sikusogea.

"Nampa kondoo na mwana wake."

Nilikuwa nikitazama panga. Sikusogea. Nyuma yangu mmoja akasema, "Huyu ni mgumu." Mwingine akasema, "Dada yangu alisimama mpaka jioni."

"Nampa kuku kumi."

"Kogo," mwenye koti akasema, "kuku ni matusi. Ongeza. Mtoto wa mtu anasimama kwa jua."

Nao wakacheka, dada, wote saba, na mara wakawa watu wa arusini, huyu akisema ng'ombe, yule akisema angalau mtamba. Mama akainua mkono.

"Nampa mtamba mweusi, yule wa doa kwa paji. Ana mimba. Na nyinyi ni mashahidi, na mama zenu nawajua."

Miguu ikafunguka. Nikaingia.

Yule wa koti alikuwa wa mwisho kuondoka. Hakunitazama. Akamwambia Mama, "Msipige kelele tena, Kogo. Wengine hawatangojea ng'ombe." Mlango ulipofungwa Mama aliketi sakafuni palepale, na tukamshika mimi na Kiprono, huyu upande huu, huyu upande ule.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, dada: siji. Usiseme nimerogwa. Ninaogopa kila saa. Nimepewa mtamba nisioweza kwenda kumwona, katika boma ambalo sijui lini nitalifikia, na pazia bado limefungwa. Lakini nilisimama nje nikiwa mgeni, nikaitwa ndani mbele ya watu wenye panga. Nikipanda lori, Mama atakuwa amesema uongo mbele ya mashahidi saba, na siku watakayorudi kuniulizia atawajibu nini yeye na mwanawe?

Kiprono alikuwa akinipinga tangu Jumatano. Jana aliacha. Alikuwa amepeleka maziwa kanisani, akamkuta Mama Njoki nje ya orodha ya lori kwa sababu hana mtu wa kumpokea huko. Nikamwambia sasa anaye. Ana dada yangu.

Msalimie Baba, umwambie Kiingereza changu kinaivisha. Msalimie Mama, na usimwambie habari za panga. Mwambie habari za mtamba. Msalimie mumeo fundi wa viatu, na shangazi yetu wa kwaya aliyenifundisha kusimama wima kanisani.

Gemu bado hatujaimaliza. Tumefika mwisho, mlango wa chombo uko wazi, na kuna chombo kidogo cha mtu mmoja kinachoweza kumrudisha Kapteni kwa watu wake. Au aufunge mlango abaki na hawa. Mashine inauliza kama una uhakika, kwa sababu ukishajibu hakuna kurudi nyuma. Jana Kiprono hakutaka kubonyeza jibu. Asubuhi hii amenipa mimi kile kidude cha vifungo. Mama amevuta kigoda karibu, ametuonya wote wawili tusipige kelele, na ananiuliza mbona naandika sana wakati stima inaweza kupotea.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, mke wa Kiprono,
Nyambura

Mama Njoki hanywi chai ya sukari nyingi. Na anaogopa mlango ukibishwa kwa nguvu, kwa hiyo waambie watoto wawe wanakohoa kwanza, mara mbili.