Mkwe Wangu Amerudisha Funguo kwa Sababu ya Geji

Mpendwa dada Cecilia, naomba msaada wako, na nikuambie mapema kwamba sikuandikii nikilia, nakuandikia nikiwa nimepumua, maana giaboksi ya gari langu imepona, lakini mkwe wangu ameninunia na watu wa hapa Kinampanda wananitazama kana kwamba nimemtukana mtu msibani.

Mimi ni mjane, nina pikapu moja ya otomatiki ambayo sikupewa na mtu, nilianza kwa kuuza kuku mnadani, nikaingia kwenye alizeti, sasa nanunua mpunga Shelui kule bondeni na kuupandisha mlima wa Sekenke hadi huku juu kwetu, na dereva wangu ni Laurenti, mume wa binti yangu Eliza, kijana asiyekunywa pombe, hilo nalisema hadharani. Mwaka jana giaboksi iliungua mlimani, oili ikatoka nyeusi inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, nikauza ng'ombe wanne nipate nyingine, na kila nilipouliza kulikoni nilijibiwa kupitia kwa Eliza kwamba "gari lilichoka," ati gari lilichoka, gari lina miguu?

Sasa dada, unajua mila zetu za huku. Mama mkwe hakai kiti cha mbele na mkwewe, hata mvua inyeshe nitasubiri basi, kwa hiyo gari langu mwenyewe sijawahi kuliona likipanda mlima. Ndipo fundi umeme wa magari pale Singida mjini, anaitwa Ezekieli, akaniambia, "Mama, kuna geji inayopima joto la oili ya giaboksi, nakufungia hapo kwenye dashibodi, mshale ukifika mia na ishirini dereva asimame apoze." Nikamwuliza kwani ile iliyokuja na gari inafanya kazi gani, akasema ile inapima maji ya injini tu, giaboksi inaweza kuiva huku mshale wa maji umetulia. Nikasema funga. Laurenti alikuwa Ilongero kwenye msiba wa mjomba wake, aliporudi akaikuta geji inamtazama, nikamtuma Eliza amweleze kazi yake.

Laurenti akasema, "Kwa hiyo mama ameingia kwenye gari?"

Tangu hapo geji ikapewa jina langu. Wapakiaji wa Shelui wanainama dirishani, "Shikamoo mama mkwe, leo joto ngapi?" na mmoja akamwonya Laurenti asithubutu kuvua shati njiani mbele ya mkwe. Eliza alinisimulia huku anacheka, mimi pia nikacheka, kumbe mwenzetu hacheki.

Lakini sikiliza, geji ilifanya kazi. Safari ya kwanza tulipakia magunia ishirini kama kawaida yetu, Eliza yuko kiti cha mbele ananisomea kwa simu, mia na tano, mia na kumi na tano, walipokaribia kona za juu mia na ishirini na nane, nikapiga kelele Laurenti asimame, akasimama, malori nyuma yakapiga honi na matusi juu, akaacha injini inaunguruma gari likiwa limesimama mpaka mshale ukashuka, wakafika salama. Ezekieli akachomoa kijiti cha oili, bado nyekundu, haina harufu, nikakaa chini pale pale gereji kwenye tairi bovu nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu tangu mwaka jana kila simu ikilia gari likiwa Sekenke nilikuwa naanza kuhesabu ng'ombe waliobaki. Safari iliyofuata mpunga ulikuwa haba, magunia kumi na matano, mshale ukaishia mia na nane. Nyingine tukapata kumi na mawili, tisini na sita. Unaona chombo kilivyo sahihi!

Basi nikamtuma Eliza amwulize mumewe swali dogo tu, kwamba ile siku ya mia na ishirini na nane alikanyaga mafuta namna gani, maana sasa ushahidi upo. Alizifunga funguo kwenye kitambaa, Eliza akaniwekea mezani, akaniambia Laurenti hatagusa usukani mpaka geji ing'olewe. Amosi, dereva mwingine wa hapa, yuko tayari hata leo, ila nikimpa funguo mtu baki nitakuwa nimemfukuza mume wa mwanangu mbele ya kijiji kizima, na Eliza amesema, "Siku hiyo mama, usinitume tena popote." Nikiing'oa geji narudi kwenye kuhesabu ng'ombe. Nifanye nini?

Selina, Kinampanda

MSHAURI ANAJIBU

Selina, pole, na hongera pia. Giaboksi nzima, mkwe asiyelewa, binti yuko kwake. Wengi wanaoniandikia hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Geji usiing'oe. Fundi amekwambia ukweli, na atakayesema ni ya madereva wasiojua kazi muulize kama yeye ana macho ndani ya giaboksi.

Ila wewe mwenye hesabu kali hivyo, mbona hesabu hii umeiruka? Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe. Magunia ishirini, mia na ishirini na nane. Kumi na matano, mia na nane. Kumi na mawili, tisini na sita. Mlima ni ule ule, dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni mguu wa Laurenti, au mzigo? Ulimtafuta shahidi wa kumkamata mkweo, shahidi amefika, amekunyooshea kidole wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali Laurenti alipoulizwa gari libebe magunia mangapi. Hapapo.

Na mwaka jana alikwambia. "Gari lilichoka" ndiyo adabu ya mkwe. Ulitaka aseme nini? "Mama, umelizidishia mzigo"? Mila inayokuzuia wewe kukaa kiti cha mbele ndiyo inayomzuia yeye kubishana nawe. Wewe ukaichukua heshima yake ukaifanya hatia.

Halafu ukamfungia chombo kwenye gari wakati anazika mjomba wake. Mama, huko ni kumvizia mtu. Ungemngoja arudi, ukampeleka kwa fundi aonyeshwe mwenyewe, leo ndiye angekuwa anawaelekeza hao wapakiaji wa Shelui maana ya ule mshale, na utani wao ungekosa pa kuanzia.

Sasa fanya hivi. Amosi mwambie hapana, leo, bila maelezo marefu. Eliza asibebe tena neno lolote kati yenu kuhusu gari, maana unamtuma mke kumpelekea mumewe ugomvi wa mama yake kisha unashangaa akikataa kutumwa. Mtafute shemeji yako, ndugu wa marehemu mumeo, mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili. Mpe funguo, mpe na jogoo mzuri, aende nyumbani kwa Laurenti na maneno yako matatu: giaboksi ya mwaka jana haikuwa kosa lake, geji ilifungwa vibaya kwa kuwa hakuambiwa, na kuanzia sasa anayeamua magunia ni yeye. Akisema kumi na mawili, ni kumi na mawili. Mpunga unaobaki utapanda safari nyingine.

Gari likiwa mlimani, simu yako izime. Dereva anayesomewa namba na mke huku mama mkwe anapiga kelele sikioni atasikiliza nani, na kona zile za Sekenke unazijua.

Shemeji amweleze Laurenti na hili, kwa sababu nadhani hakuna aliyemwambia. Geji hiyo haikumletea askari, imemletea mtetezi. Siku utakayosahau ukadai magunia ishirini, na nakujua utasahau, hatalazimika kukujibu wala kukununia. Ataonyesha mshale tu, nao utasema kile ambacho mkwe hawezi kumwambia mama mkwe.

Usingoje mnada wala Jumapili. Kamwite shemeji yako sasa hivi, kabla Amosi hajarudi kuuliza.